Dokezo Lisiloonekana: Maandishi ya Pembeni katika Mafaili ya PDF na Usalama wa Mgonjwa

Mama mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu aliletwa kliniki akiwa na kidonda cheusi chini ya unyayo, kidonda ambacho kwa miezi mingi alidhani ni mchubuko wa kiatu. Kikaondolewa na daktari wa upasuaji, kikafika maabara yetu ya patholojia ndani ya chupa ya fomalini, nami nikakisoma kwa hadubini. Ilikuwa melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, ambayo kwa watu weusi huota zaidi mahali pa namna hiyo: unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha. Niliandika taarifa, nikaeleza unene wa uvimbe, nikasema kwamba kingo za kipande kilichokatwa hazina saratani, nikatia saini. Taarifa ikaenda wodini ikiwa faili la PDF.

Siku mbili baadaye niliagiza vipande vingine vikatwe kutoka kitalu kile kile cha nta, safari hii kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Katika kimojawapo, kilichokatwa ndani zaidi, chembe za saratani zilikuwa zimefika ukingo wa chini kabisa. Maana yake ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuibeba: huenda saratani nyingine ilibaki mguuni. Nikafungua lile faili la PDF, nikaikoleza kwa rangi nyekundu sentensi iliyohusu kingo, nikabandika pembeni dokezo la njano lenye maneno haya: sentensi hii si sahihi tena, ukingo wa chini una saratani, tafadhali mgonjwa aitwe. Nikahifadhi faili katika programu ya kutunza nyaraka ya hospitali. Kwenye kioo cha kompyuta yangu dokezo lilionekana waziwazi. Nikaenda darasani.

Siku ya 34 tangu hapo, kijana wa yule mama alibisha hodi mlangoni kwangu.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba, karibu.”

“Wametuambia kidonda kilitoka chote. Mama anataka nakala yenye mhuri aipeleke hospitali ya karibu na nyumbani.”

Alinipa karatasi iliyochapishwa wodini. Sentensi ile ilikuwepo, safi, haina rangi wala dokezo. Yule mama aliitwa na kupasuliwa upya juma lililofuata. Nilipokwenda kumwomba radhi kitandani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Hiyo karatasi ya njano unayosema, mwanangu, imepotelea wapi ikiwa haikuwa karatasi?”

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Nimelitafuta tangu hapo, na ninalieleza hapa kwa wahudumu wenzangu wanaosoma, kusahihisha na kutuma nyaraka za namna hii kila siku, na kwa wagonjwa ambao maisha yao hubebwa ndani yake.

Ndani ya faili la PDF

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000. Nia yake ya awali ilikuwa waraka uonekane vilevile popote utakapofunguliwa: herufi zile zile, mistari ile ile, kurasa zile zile. Kwa maandishi ya ukurasa wenyewe ahadi hiyo imetimizwa vizuri. Madokezo ni habari nyingine.

Daktari anapoandika kwa kalamu kwenye pambizo la jalada la mgonjwa, wino na karatasi huwa kitu kimoja. Anayebeba karatasi hubeba na wino. Waandishi wa hati za zamani wa pwani yetu, kama wale wa Siyu kisiwani Pate walionakili misahafu, waliyaelewa mambo hayo kwa mikono yao: lililoandikwa pembeni husafiri na lililoandikwa katikati. Katika PDF sivyo. Kila ukurasa una maelezo yake ya ndani, na miongoni mwake kuna orodha ya madokezo. Orodha hiyo huelekeza kwenye vitu vilivyohifadhiwa kwingine ndani ya faili. Kila dokezo lina aina yake (rangi ya kukoleza, kibandiko, mchoro wa mkono, mhuri), lina vipimo vya mahali linapokaa juu ya ukurasa, lina maneno, na aghalabu lina jina la aliyeliandika na tarehe. Kwa hiyo dokezo huelea juu ya ukurasa. Programu inayofungua faili ndiyo inayoamua kulichora au kuliacha.

Kuna zaidi. Kila dokezo lina alama ndogo za ndani zinazosema kama lifichwe na kama lichapishwe. Dokezo lisilo na alama ya kuchapishwa huonekana kwenye kioo lakini printa hulipita. Hata pale alama ipo, maneno ya kibandiko cha njano hukaa ndani ya kidirisha kinachofunguka unapokigusa, na kwa kawaida kinachochapishwa ni kile kipicha kidogo tu, maneno yasitoke. Programu nyingine huuliza kabla ya kuchapisha: waraka peke yake, au waraka pamoja na madokezo? Karani mwenye foleni ya watu arobaini hana muda wa kulisoma swali hilo, nami simlaumu.

Programu ya kutunza nyaraka huona nini

Hadi hapa nimesimulia faili peke yake. Tatizo langu lilizidi kwa sababu faili halikai peke yake; hukaa ndani ya programu ya kutunza nyaraka, yaani ghala lenye msimamizi. Msimamizi huyo hulipa kila faili namba, hulitengenezea picha ya kutazamwa haraka, husoma maneno yake ili yatafutike, na huandika nani amelifungua lini. Katika kila moja ya kazi hizo dokezo linaweza kuanguka.

Nilipokaa na fundi wa mifumo tukaifuatilia njia ya faili langu, tulikuta hivi. Picha ya kutazamwa ilikuwa imetengenezwa siku faili lilipoingia mara ya kwanza, kabla ya dokezo. Nilipohifadhi upya, ghala lilipokea faili jipya lakini halikuitengeneza upya ile picha. Wodi ilikuwa ikitazama na kuchapisha picha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nikifungua faili lenyewe, niliona dokezo kila mara na kuamini kwamba kila mtu analiona.

Kusoma maneno ili yatafutike nako kuna pengo. Zana nyingi zinazochota maandishi kutoka PDF huchota yale ya ukurasa tu na kuyaruka madokezo. Ukitafuta neno ambalo daktari aliliandika kwenye kibandiko, ghala litakujibu kwamba hakuna kitu. Hali huwa mbaya zaidi kwa karatasi zilizopigwa skani. Ukurasa wa skani ni picha. Ukiukoleza rangi unapata mstatili wa njano uliofunika picha, na programu haijui ni maneno gani yaliyomo chini yake mpaka ukurasa usomwe kwanza na programu inayotambua herufi.

Kisha liko suala la uhakiki. Maghala makini hulipa kila faili alama ya ukaguzi, tarakimu ndefu inayokokotolewa kutoka kila chembe ya data iliyomo. Ukiongeza nukta moja, alama inabadilika yote. Jambo hili ni zuri, kwa kuwa hutuwezesha kujua kama kuna aliyelichezea jibu la maabara. Lakini dokezo la halali nalo ni mabadiliko. Programu huria ya Paperless-ngx, kwa mfano, huhifadhi faili la asili na kutengeneza la pili la kumbukumbu, na huweka alama ya ukaguzi ya kila moja. Ukilifungua faili moja kwa moja kutoka katika folda zake na kuliandikia dokezo, ukaguzi wake utalitangaza kuwa limeharibika. Haikosei. Imeambiwa ilinde, nayo inalinda.

Njia tatu, na gharama ya kila moja

Ipo njia ya kuacha madokezo ndani ya faili na kulifundisha ghala kulipokea faili lililoandikiwa kama toleo jipya, huku toleo la zamani likibaki. Muundo wa PDF unasaidia hapa, maana unaruhusu mabadiliko yaongezwe mwishoni mwa faili bila kugusa yaliyotangulia. Faida ni kwamba mgonjwa akilipeleka faili lake Muhimbili, Nairobi au ng'ambo, madokezo huenda nalo. Hasara ni kwamba watu wawili wakilifungua faili kwa wakati mmoja na kila mmoja akahifadhi la kwake, mmoja atafuta kazi ya mwenzake, isipokuwa ghala lina utaratibu wa kulifunga faili linapotumiwa.

Njia ya pili ni kuyatoa madokezo nje ya faili na kuyaweka katika hifadhidata ya programu, yakifungwa kwa namba ya waraka, ukurasa na vipimo vya mahali. Watafiti wengi wameizoea bila kujua. Zotero, programu ya kutunza makala za kitaaluma, tangu toleo la 6 la mwaka 2022 ina kisomeo chake cha PDF, na unachokikoleza humo hukaa katika hifadhidata yake, si ndani ya faili. Ni raha kwa utafutaji na kwa kufanya kazi pamoja. Lakini mwenzako akilifungua faili lile lile kwa programu nyingine hataona kitu mpaka wewe ulitoe upya pamoja na madokezo yake. Nimewahi kumtumia mwanafunzi wangu sura ya tasnifu iliyojaa masahihisho, akanijibu kwa furaha kwamba anashukuru kuona sina la kusahihisha.

Njia ya tatu ni kulipiga dokezo muhuri ndani ya ukurasa, liwe sehemu ya maandishi yasiyoondoka. Baada ya hapo kila programu na kila printa italionyesha. Ila huwezi kulifuta tena, jina la mwandishi na tarehe vinapotea kama havikuandikwa kwa maneno, na maneno ya kibandiko yasipotandazwa kwanza kwenye ukurasa hayatakuwemo.

Madaktari wa mionzi walilivuka daraja hili zamani. Katika kiwango chao cha DICOM, mishale na vipimo anavyochora daktari juu ya picha vinaweza kuhifadhiwa kama kitu cha pekee chenye namba yake, kinachotaja picha kinayoihusu. Picha haiguswi, na mashine inayoelewa kiwango hicho inajua kuviweka pamoja. Kwa nyaraka za kawaida, shirika la W3C lilipitisha mwaka 2017 mfumo wa kueleza madokezo kwa namna hiyo hiyo: hapa pana jambo linalosemwa, na hapa pana mahali linapolenga. Kiwango cha FHIR cha kubadilishana taarifa za afya nacho kinauruhusu waraka kutamka kwamba unachukua nafasi ya waraka mwingine au unauongezea. Msingi huo upo. Anayenunua programu kwa ajili ya hospitali anapaswa kumuuliza muuzaji ni kipi kati ya hivi anachokitumia, na asikubali kujibiwa kwamba mfumo “unaunga mkono PDF”.

Kwa maoni yangu, hospitali zetu zinafaa kutumia njia ya kwanza kwa nyaraka zinazosafiri na mgonjwa, na ya pili kwa nyaraka za kujisomea na kufundishia. Ya tatu niiache kwa yale yasiyotakiwa kubadilika: mhuri wa “imebatilishwa”, kwa mfano.

Lakini si kila kitu ni dokezo

Ningekuwa mwongo kama ningeishia kuishtaki programu. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Kiwango cha ISO 15189 kinachoongoza maabara za tiba kinataka jibu lililorekebishwa litolewe upya, litambulike wazi kuwa limerekebishwa, na litaje jibu la awali. Mimi nilisahihisha utambuzi wa ugonjwa kwa kibandiko, kama mtu anayemwachia mpishi ujumbe jikoni. Nilipaswa kutoa taarifa mpya na kumpigia simu daktari wa upasuaji mwenyewe.

Siku hizi katika idara yetu dokezo lina mipaka. Linaruhusiwa kuuliza (“namba ya kitalu imeandikwa mara mbili, hakikisheni”), kuelekeza jicho, kumkumbusha mwenzako. Haliruhusiwi kubadilisha utambuzi, kipimo cha dawa, upande wa mwili wala jina. Mambo hayo manne hutolewa kwa taarifa mpya yenye saini. Na saini ya kidijitali inaweza kutusaidia kusimamia jambo hili, kwa kuwa anayeithibitisha PDF anaweza kuamua kama mabadiliko yote yakatazwe, kama kujaza fomu na kutia saini kuruhusiwe, au kama madokezo nayo yaruhusiwe. Majibu yetu ya mwisho tumeyafunga yasikubali madokezo kabisa. Wenzetu wa wodini walilalamika kwa wiki mbili hivi.

Tahadhari nyingine kama hiyo inahusu miongozo. Wahudumu wengi wana PDF ya Mwongozo wa Taifa wa Matibabu kwenye simu, imekolezwa rangi tangu walipokuwa mafunzoni. Toleo la sita kwa Tanzania Bara lilitoka mwaka 2021. Madokezo yaliyoandikwa kwenye toleo lililotangulia hayahamii kwenye jipya, maana vipimo vyake ni vya kurasa za zamani; na kwa sababu kazi ya mikono yetu tunaipenda, tunaendelea kufungua lile la zamani. Ghala zuri lingemwonyesha msomaji, kabla hajafungua, kwamba toleo hili limepitwa. Pale ambapo ghala halipo, futa la zamani kwenye simu, ingawa inauma.

Jaribio la neno moja

Sihitaji kumshawishi mtu kwa nadharia. Chukua taarifa ya mgonjwa wa kubuni, uifanye PDF. Iandikie madokezo matatu: rangi ya kukoleza, kibandiko na mshale wa mkono. Ndani ya kibandiko andika neno ambalo haliwezi kuwamo katika taarifa ya tiba. Sisi tulitumia “kifaurongo”, ule mmea unaojikunja ukiguswa. Ingiza faili katika mfumo wa hospitali. Sasa lifungue kwenye kompyuta ya wodi, kwenye kivinjari, kwenye simu. Lichapishe. Tafuta kifaurongo kwenye kisanduku cha utafutaji. Lipakue tena uone kama lilivyoingia ndivyo lilivyotoka. Mwombe mwenzako afute kibandiko chako kwa jina lake la kuingilia, kisha uliza mfumo nani amekifuta na saa ngapi.

Sisi tulipofanya jaribio hilo, rangi ilionekana mahali pote isipokuwa kwenye ile picha ya kutazamwa, mshale ulionekana kwenye kompyuta na kupotea kwenye simu moja kati ya tatu, na kifaurongo hakikupatikana popote. Kuhusu aliyefuta, mfumo ulijua kwamba faili limebadilishwa, haukujua kilichobadilishwa. Muda wote tuliotumia haukuzidi nusu saa. Marekebisho yalichukua miezi, hasa lile la kuilazimisha picha itengenezwe upya kila toleo jipya linapoingia.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Unapopewa majibu, omba faili lenyewe pamoja na karatasi, na uulize swali moja: hili ndilo jibu la mwisho, au kuna lililoongezwa baadaye? Ukilituma kwa WhatsApp kwa daktari mwingine, litume kama waraka. Ukipiga picha ya kioo cha simu, madokezo yaliyofungwa ndani ya vibandiko hayataonekana, na kurasa za nyuma huachwa mara nyingi.

Ukitaka kuficha jina lako au namba ya simu kabla ya kumtumia mtu taarifa, usichore kisanduku cheusi juu yake ukadhani umemaliza. Kisanduku hicho nacho huelea juu ya ukurasa, na maneno yaliyo chini yake yanaweza kunakiliwa. Mawakili wa Paul Manafort nchini Marekani waliwasilisha mahakamani waraka wa namna hiyo Januari 2019, na waandishi wa habari wakayasoma yaliyofichwa kwa kuyanakili tu na kuyabandika kwingine. Ikiwa hospitali haina zana ya kuyaondoa maneno kabisa, chapisha, ziba kwa karatasi, kisha piga skani upya.

Jueni pia kwamba maandishi ya pembeni ni taarifa zenu sawa na yale ya katikati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ya Kenya ya mwaka 2019, zinampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu na kuomba zisahihishwe. Mhudumu anayeandika kwenye kibandiko neno asilotaka mgonjwa alisome, afikiri mara mbili.

Yule mama huja kliniki kila baada ya miezi mitatu kukaguliwa mguu na tezi za kinena. Idarani, kila Ijumaa mchana, mimi na fundi wa mifumo tunapitia majibu ya zamani. Ameandika programu fupi inayohesabu madokezo ndani ya kila PDF na kuyalinganisha na kile kinachoonekana wodini. Mengi ni mambo madogo: “asante”, “saini hapa”, mshale usioelekeza popote. Hadi ninapoandika haya tumemaliza miaka miwili kati ya sita, na tumelazimika kuwapigia simu wagonjwa wanne.